Kila Jioni Aliniambia Nzuri Tu

Juma lililopita mliniacha kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah. Nilikuwa nimevaa suti ya Hillary, mikono ya koti imeniishia kwenye vidole, na bosi wangu Muhannad amenishika bega akiniambia, "Laban, leo ukinisaidia, hutarudi tena kulala Sharafiya."

Kwa aliyenikuta leo, nimweke sawa haraka. Mimi ndiye yule mlinzi wa geti wa mtaa wa Al-Hamra aliyesingiziwa kuiba mbuzi wa Idd. Baba mwenye nyumba alinifukuza asubuhi, na jioni yake mwanawe akaniajiri. Huyo mwana ndiye Muhannad. Alikuwa ameanzisha kampuni changa na alikuwa anatafuta mtu mwenye sauti ya Kiswahili isiyotisha watu.

Kampuni inaitwa Raha, neno ambalo kwa Waarabu ni mapumziko. Ofisi zinazoleta wafanyakazi wa nyumbani humpa kila dada simu ndogo isiyoweza kupiga popote. Kila jioni inalia, na sauti inamuuliza: "Habari ya kazi, dada? Umekula? Umepumzika?" Akishajibu, inamwambia asante, tutaongea kesho.

Sauti hiyo ni yangu. Niliirekodi asubuhi moja katika chumba chenye magodoro ukutani, nikadhani kazi imeisha.

Haikuisha. Mashini ilijua kuuliza lakini haikujua kusikia. Basi majibu yote ya Waswahili yakawa yanakuja kwangu, niyasikilize na kuyapaka rangi. Anayesema nzuri namweka kijani. Anayesitasita, njano. Anayesema ana shida, nyekundu. Waajiri na ofisi wanaona rangi tu. Sauti nabaki nazo mimi.

Ndani ya ndege nilimuuliza Muhannad tunakwenda kwa nani.

"Anaitwa Ghada," akasema. "Anashika mitaji ya watu wakubwa. Anaiweka kwenye kampuni changa zinazofanya maisha ya kazi yawe bora. Akisema ndiyo, Raha inaingia nchi nzima. Akisema hapana, nafunga."

"Na mimi?"

"Akisema ndiyo, wewe ndiye mkuu wa lugha, Riyadh. Utakuwa na chumba chako mwenyewe."

Nilicheka kimoyomoyo. Upweke ninao tayari, sasa naongezewa chumba cha kuuweka.

Msimchukie Muhannad lakini. Dada aliyemlea utotoni aliondoka siku moja bila kuaga, na mpaka leo anajiuliza walimkosea nini. Raha aliianzisha kwa sababu hiyo. Aliniambia mwenyewe, huku anatazama dirishani ili nisimwone uso.

"Ukiulizwa, jibu kwa ufupi," akaniambia tulipokuwa tunashuka. "Na utabasamu. Suti yako ni mbaya sana."

* * *

Sasa niungame. Tangu nianze kuwasimulia kuna mtu nimewaficha, na leo siwezi kuendelea bila kumtaja.

Anaitwa Lorine, wa Webuye. Nilikutana naye Ijumaa moja mtaani kwetu Sharafiya, kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani. Kandambili yake ilikatika mkanda, na madam wake alikuwa nje ndani ya gari akipiga honi. Nikavua kamba ya kiatu changu nikamfungia.

"Sasa wewe utatembeaje?" akaniuliza.

"Polepole, nikikufikiria."

"Aki wewe una mdomo." Akacheka, akakimbilia garini.

Basi. Hayo ndiyo mapenzi yangu yote ya Saudia. Nilimwona tena mara mbili kupitia kioo cha gari, na mara zote mbili aliinua mguu kidogo kunionyesha ile kamba. Namba sikupata, maana simu yake aliiweka madam.

Kisha jioni moja nikavaa visikizio vyangu vya masikioni, nikabonyeza, nikamsikia. "Nzuri tu. Nimekula. Nimepumzika."

Nilirudia kusikiliza mpaka masikio yakauma. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba msikilizaji haruhusiwi kumpigia mfanyakazi, kwa hiyo nikawa namsikia kila siku na siwezi kumjibu. Yeye naye alidhani anajibu mashini. Sauti alikuwa ameitambua, au hakuitambua, sikuwa na njia ya kujua.

Mnielewe. Hillary, mlinzi kutoka Bomet aliyeniachia hii suti, alikuwa amerudi Kenya. Ndiye mtu wa mwisho niliyekuwa naongea naye Kiswahili kwa mdomo. Chumbani Sharafiya naishi na vijana wawili wa Kerala, watu wema kabisa, wananipa wali wao, kisha wanageukiana na kuongea lugha yao mpaka usingizi uwachukue. Mchana kutwa akina dada wananiambia nzuri masikioni, na hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi habari yangu. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kumjibu Lorine kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimevaa visikizio. "Hata mimi nimekula," namwambia. Wale wa Kerala wakadhani nasali.

Ramadhani ikaja. Siku za mwisho za mfungo sauti yake ikabadilika.

Maneno yalikuwa yaleyale, nzuri tu. Lakini kabla ya neno kulikuwa na pumzi, kama ya mtu anayeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Siku iliyofuata pumzi ileile. Idd ikapita, ikawa bado.

Nilijua. Kila mara nilijua, na kila mara nilimpaka kijani.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu ya Risper. Risper ndiye dada wa kwanza na wa mwisho niliyempaka nyekundu. Alilia kwenye simu, nikaweka rangi nikijiona shujaa, nikangoja asaidiwe. Ofisi iliyomleta ilimfuata kweli, ikamtoa pale kama mtu anayerudisha dukani blenda mbovu, ikampeleka nyumba nyingine ambayo mpaka leo sijui iko mji gani. Simu yake haikulia tena.

Nikaapa Lorine sitampoteza hivyo. Nilijiambia namlinda. Na huo ni ukweli. Lakini ukweli wa pili, ambao ndio unaoninyima usingizi, ni kwamba nilitaka kesho nimsikie tena.

* * *

Huko Riyadh tulipandishwa ghorofa ambayo masikio yaliziba kabla hatujafika. Bi Ghada alikuwa ameketi na vijana wawili wenye kompyuta. Mama wa makamo, miwani imepandishwa juu ya mtandio. Tuliongea Kiingereza, ninawaandikia kwa Kiswahili.

"Sina muda mrefu," akasema. "Kesho naruka Jeddah, kwetu kuna harusi na hata nguo sijachukua kwa fundi. Nionyesheni."

Muhannad akaonyesha. Rangi zikajaa kwenye skrini ya meza, nchi baada ya nchi, kijani na njano na nyekundu zimechanganyika. Kisha akafungua Kenya.

Kenya ilikuwa shamba la chai. Kijani mwanzo mpaka mwisho.

Bi Ghada akashusha miwani. "Hawa wana nini?"

"Ndio maana nimekuja na Laban," Muhannad akasema kwa furaha. "Sauti wanayoisikia ni yake."

"Bwana Laban, kwa nini Wakenya wana furaha kuliko wote?"

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na jibu, na kila anayesoma gazeti hili analo. Kwetu habari ni kubisha hodi tu. Unaulizwa, unajibu nzuri, ndipo mazungumzo yanaanza. Hata msibani ukimuuliza mfiwa habari, atasema nzuri, kisha akwambie mama ametutoka. Ukweli huja kwa swali la pili. Anayejibu matatizo yake kwenye salamu ya kwanza tunamwona hana adabu.

Na maswali ya Raha niliyatunga mimi. Muhannad aliniuliza, "Kwenu mnamuulizaje mtu hali yake?" nikampa habari ya kazi, nikajivuna. Nilibisha hodi kwa dada zetu wote, na hata siku moja sikuingia ndani.

"Madam," nikamjibu Bi Ghada, "sisi ni watu wa shukrani."

Wakatabasamu wote. Nami nikatabasamu, kama nilivyoagizwa.

"Shukrani ya kila siku, kwa kila mtu?" Bi Ghada hakuwa mjinga. "Nataka kumsikia mmoja. Sasa hivi, si rekodi."

Nilidhani Muhannad atakataa. Badala yake uso wake ukawaka. Akaongea Kiarabu haraka, nikashika neno moja moja tu, na Bi Ghada akaitikia kwa kichwa. Wote wakageuza viti vyao kidogo kuelekea ukuta uliokuwa nyuma yangu. Nikaona wameniheshimu, wamenipa nafasi ya kuongea na simu.

"Tuchague mwenye kijani ndefu kuliko wote," Muhannad akasema. Akabonyeza. "Huyu hapa. Jeddah, Aziziya."

Jina halikutokea, namba tu. Lakini namba hiyo naijua kama ninavyoijua namba ya kitambulisho changu.

Simu ikaanza kulia katika spika ya mezani. Nikaomba asipokee. Nikaomba apokee.

"Hello?"

Ni yeye. Nikasikia na maji ya bomba yakifungwa.

"Dada, ni Raha," nikasema. "Habari ya kazi?"

Pumzi ileile. "Nzuri tu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umepumzika?"

"Nimepumzika."

Hapo ndipo mashini husema asante. Bi Ghada alikuwa ananitazama, Muhannad naye tayari ananyanyua mkono nimalize. Mdomo ukakataa kusema asante.

"Kwani umesahau?" Lorine akasema. "Ukishauliza kupumzika unasemanga asante, tutaongea kesho."

"Sijamaliza," nikamwambia. "Lorine, ni mimi. Laban. Wa Sharafiya."

Nikasikia sahani ikiwekwa chini.

"Wa kamba ya kiatu?"

"Wa kamba ya kiatu."

"Aki nilijua," akasema polepole. "Nilisema hii sauti mimi naijua. Halafu nikasema nimeanza kuwa wazimu, sauti za watu zinatoka kwa simu."

"Sasa niambie. Habari ya kazi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la pili. Halikuchukua hata muda.

"Laban, ni mguu. Tulikuwa tunapika sambusa za futari, mafuta yakanimwagikia mguu wote hapa chini. Madam akasema halas, basi, paka colgate. Nikapaka. Sasa unatoa maji, na unanuka, mi mwenyewe nasikia. Nikiamka asubuhi siwezi kanyaga mpaka nishike ukuta. Nimeomba hospitali, anasema baada ya harusi. Nyumba imejaa wageni, nani atapika? Jana nimesikia baridi usiku mzima na AC imezimwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikwambie saa ngapi? Unauliza habari, nasema nzuri, nangoja uniulize vizuri. Wewe unarukia chakula. Kila siku nangoja. Nikasema leo ataniuliza, leo ataniuliza."

"Ilikuwa mashini, Lorine. Nilirekodi mara moja tu."

"Na majibu yangu, anasikiza nani? Hiyo mashini?"

Ningeweza kumdanganya. Sikuweza. "Ninasikiliza mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kijana mmoja wa kompyuta akaacha kuandika.

"Basi ulinisikia," akasema Lorine.



* * *

"Mazungumzo marefu," akasema Bi Ghada. "Amesema nini?"

Niliwaza mengi kwa muda mfupi. Nikisema ukweli, namba ile inageuka nyekundu hapa mezani, ofisi inampigia kafili, mwajiri wake, na Lorine anakwenda alikokwenda Risper, tena na mguu wenyewe. Nikinyamaza, nitajua pa kumpata. Nitatafuta dawa, nitamtuma nayo dereva wa jirani yao, nitafanya jambo. Ndivyo nilivyojiambia. Chumba cha Riyadh nacho kilikuwa mahali fulani kichwani, sitakana.

"Anasema hajambo," nikajibu. "Anashukuru. Amewasalimu nyote."

Hakuna aliyetabasamu.

Ndipo nikaona hawanitazami mimi. Wanatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Ukuta mzima ulikuwa umejaa maandishi. Juu Kiarabu, chini yake Kiingereza, mstari kwa mstari. Mafuta ya moto. Harufu. Hospitali baada ya harusi. Mstari wa mwisho kabisa, peke yake, ulisema: Basi ulinisikia.

"Nilitaka iwe mshangao hata kwako," Muhannad akaninong'oneza, midomo imekauka. "Ni sikio jipya. Limejifunza Kiswahili kutoka kwa rekodi zote ulizosikiliza."

Kwa hiyo mtaji ule tuliokuja kuuomba ulikuwa wa kununua sikio lisilolala wala kupenda. Nililifundisha mwenyewe bila kujua, jioni baada ya jioni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuanika uongo wangu hadharani.

"Bwana Laban," Bi Ghada akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Ukuta unasema mguu wa msichana huyu unaoza. Wewe unasema amenisalimu. Nimwamini nani?"

"Mashini bado ni changa," Muhannad akawahi. "Kiswahili kina mambo mengi, inakosea, tutairekebisha." Akanigeukia, macho yameingia maji. Kwa mara ya kwanza nikamwona alivyo mdogo. "Laban, waambie imekosea. Tafadhali."

Kabla sijajibu, spika ikaongea.

"Laban? Hao ni nani? Uko na watu?"

Simu ilikuwa bado hewani.

"Niko na watu, Lorine."

"Wamesikia?"

"Wamesikia."

Akaanza kupumua haraka. "Mi nilikuwa nakuambia wewe. Sikuwa naambia watu. Laban, watampigia madam. Watanirudisha maktab, kwa hao wa ofisi, nianze tena, na kibali changu cha ikama kiko kwake. Waambie nzuri. Waambie tu nzuri, tafadhali. Mguu utapoa."

Na ukuta, mbele ya macho yao, ukaandika yote. Waambie nzuri. Mguu utapoa.

Bosi wangu ananiomba niseme uongo. Yeye mwenyewe Lorine ananiomba niseme uongo. Kama ni kura, nilikuwa nimeshapigiwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuficha tangu Ramadhani.

"Mashini haijakosea, madam," nikamwambia Bi Ghada. "Aliyekosea ni mimi. Kijani zote zile ni salamu tu. Huyu nilimsikia anaumia na nikampaka kijani nikijua. Anahitaji hospitali leo, si baada ya harusi."

Muhannad akafunika uso kwa mikono.

Sikujisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyevuliwa suti ya kuazima mbele za watu.

"Mwajiri wake ni nani?" Bi Ghada akauliza.

"Hilo ni siri ya mteja," Muhannad akasema ndani ya viganja.

"Muhannad."

Akabonyeza. Jina la kafili likatokea mezani kwa Kiarabu, na mimi sikuweza kulisoma. Niliuona tu uso wa Bi Ghada. Alilisoma, akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa, akalisoma tena.

Wale vijana wawili wakatazamana.

"Aziziya," akasema taratibu. "Nyumba yenye geti la bluu, karibu na msikiti?"

Nikamuuliza Lorine kwa Kiswahili. Akasema ndiyo, geti ni bluu, kwa nini?

Nikawatafsiria, ingawa ukuta ulikuwa umeshasema.

"Harusi ninayokwenda," Bi Ghada akasema, "ni ya binti wa dada yangu." Aliinuka, akachukua simu yake, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Nikaona kidole chake kikitafuta jina.

"Madam," nikamwita, "unampigia kumwambia nini?"

Hakunigeukia.

Sikujua. Ndugu ni ndugu. Dada anaweza kumpigia dada yake amwambie mpeleke msichana hospitali sasa hivi. Na dada anaweza kumpigia dada yake amwambie nyumba yako inasikilizwa, mtoe huyo msichana kabla wageni hawajajua. Vyote viwili vinasemwa kwa sauti ya chini, na vyote viwili kwa Kiarabu ambacho sikijui.

Ndani ya spika, mbali, huko Aziziya, nikasikia simu nyingine ikianza kulia.

"Laban," Lorine akasema, "simu ya madam inalia hapa sebuleni. Amelala juu. Lazima nimpelekee, nisipompelekea ni kelele. Ningoje, sawa? Usikate."

"Lorine, usiipeleke."

"Kwa nini?"

Bi Ghada alikuwa bado dirishani, simu sikioni. Muhannad hakuinua kichwa. Chumba kizima hakikuwa na mtu wa kuniambia nijibu nini.

"Usikate tu," Lorine akasema. "Nimengoja sana uniulize."

Akaweka simu yetu chini. Nikamsikia akianza kuondoka, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburutwa, kisha ngazi ya kwanza, kisha kituo kirefu, kisha ya pili. Nikatazama ukuta. Mashini ilikuwa inasikiliza pamoja nami, na haikuandika kitu.